Mukwe Hasukumwi

Motokari yetu ilikuwa na ugonjwa mumoja tu: haikupenda kupanda mulima. Na sisi tulikaa Masisi. Mutu aliyeiona imesimama mbele ya nyumba yetu pale Bihambwe, imeoshwa, vioo vinang'aa, angesema hawa watu Mungu amewapenda. Aliyeikuta kwenye kilima cha kwanza, bwana yangu ndani ameshika usukani na wanaume sita nyuma wanasukuma, huyo alisema maneno mengine.

Tuliipata kwa muzungu mumoja wa mashamba, ambaye bwana yangu alimutumikia ushofere miaka mingi. Uhuru ulipofika, muzungu akafunga mizigo. Alikuwa na motokari mbili. Ile nzuri akaondoka nayo, ile ingine akamwachia shofere wake, kwa ukarimu mukubwa. Bwana yangu alilia siku ile. Mimi nilifikiri analia kwa sababu anaijua vizuri. Wapi! Alikuwa analia kwa furaha.

Mimi si mutu wa Masisi. Nilizaliwa Kibua, kule chini Walikale, mu pori, ambako jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Nikaolewa huku juu, kwenye baridi na maharagi na ukungu. Nilizoea baridi, nilizoea hata mashemeji. Kitu kimoja sikukizoea: mama yangu alibaki kule, na tangu siku ya ndoa sikumuona tena. Nilipozaa mutoto wa kwanza, musichana, tukamupa jina la mama. Na kwetu, mutoto aliyepewa jina la mutu mwenye angali hai lazima apelekwe kwa mwenye jina, amuangalie uso, amutemee mate kidogo ya baraka kwenye paji. Padri hakuipenda sana hiyo. Lakini padri hakuwa anakaa Kibua.

Mutoto alikuwa na miezi mitatu habari ilipofika. Kulikuwa na mama mumoja muchuuzi wa mawese, aliyepanda kila mwezi toka Kashebere na mabidoni ya mafuta aliyonunua kwetu Kibua. Alisimama kwenye mulango wangu, hata muzigo hajautua.

"Dada, mama yako anakusalimia. Anasema jicho ya kuume imekwisha, ukungu imeifunika. Ya kushoto ingali. Anasema ile ya kushoto njo anaichunga ju ya mutoto. Mumuletee mbio."

Nilimupa maji akanywa. Jioni bwana yangu aliporudi toka shambani nikamwambia yote, neno kwa neno, mutoto akiwa kifuani. Hakuwa mutu mubaya, bwana yangu. Alisikia, akapangusa uso kwa mukono, akasema, "Tutaenda. Tutaenda na motokari."

Utauliza: miguu je? Watu hawakuwa wanatembea? Walitembea, na mimi nilitembea sana maisha yangu. Lakini mwanamuke anayetokea kwao kwa miguu, mutoto mugongoni na mufuko kichwani, kule nyumbani hawamuulizi kitu. Wanajua amefukuzwa. Kabla hajakunywa maji, kaka zake wamekwisha kuanza kuhesabu mbuzi gani za mahari zirudishwe na gani zilikwisha kuliwa. Bwana yangu hakutaka kusikia hata kidogo. "Unataka waseme nimekufukuza?" Hakunifukuza. Ni kweli. Alinichelewesha tu.

Basi motokari. Lakini kulikuwa na mulima. Si wa kwenda, wa kurudi. Ukitoka Kibua kurudi Kashebere, barabara inapanda pale pale kwenye nyumba za mwisho, nyekundu, wima, na inaonekana yote kutoka barazani kwa mama yangu. Bwana yangu aliuona siku alipokuja kunichumbia, kwa miguu, na hakuusahau. Sasa elewa desturi: mukwe na mama wa bibi yake hawaangaliani ovyo. Akimuona njiani, mukwe anatoka njiani. Hali chakula mbele yake. Hacheki mbele yake. Na je, amuone ameinama nyuma ya motokari, shati limetoka, matako juu, matope mpaka kwenye masikio, na vijana wa kijiji wanapiga kelele "moja, mbili, sukuma"?

"Mukwe hasukumwi," alisema bwana yangu. Alilisema kwa sauti ya mutu anayesoma Maandiko. Mimi nilitafuta Maandiko yale, sikuyaona.

Wakati ule njo akakumbuka gazeti. Chini ya kiti cha motokari, muzungu aliacha gazeti la kifaransa la mambo ya motokari, lenye picha nyingi na mafuta mengi. Bwana yangu alikuwa na miaka sita ya shule ya misioni, na miaka ile yote sita ilimaliziwa kwenye ukurasa mumoja. Kulikuwa na picha ya kitu kama konokono wa chuma. Alinisomea, mutoto amelala, kidole chake kinafuata mustari.

"Turbo," akasema. "Unaona? Huku juu hewa iko kidogo. Moteri inakosa pumzi, njo maana inachoka. Hii kitu, moshi ya moteri inazungusha feni upande huu, na feni ya upande ule inasukuma hewa mu moteri kwa nguvu. Moteri inapumua. Inapanda."

"Na ya kwenda?" nikauliza. "Kwenda iko kushuka."

"Mama, acha mimi nikueleze," akasema, na akaanza tena mwanzo.

Ilikuwa kweli, sikatai. Huku juu hata sufuria inakawia kuivisha maharagi. Na turbo zilikuwako, jambo la ajabu. Kashebere, kijiji cha biashara pale barabarani, kulikuwa mekanisye mumoja, fundi wa motokari, aliyekusanya vyuma vya kila mashini iliyokufa kati ya Masisi na Walikale. Bwana yangu alishuka kumuona, akarudi amebadilika uso. Mekanisye alikuwa na turbo mbili. Kubwa ilitoka kwenye mashini ya kukwangua barabara. Ndogo ilitoka kwenye kamyoni moja iliyoanguka mu mutaro na haikutoka tena. Ilibaki kuchagua tu.

Kuchagua tu! Ningejua neno lile lina urefu gani, ningejifungia ndani nilie mara moja nimalize.

Kwa sababu kwetu kitu kikubwa hakiingii mu nyumba kwa akili ya mutu mumoja. Ng'ombe, muke, bati la nyumba, vyote vinaangaliwa na familia. Turbo nayo ikawa hivyo. Papa mukubwa wa bwana yangu, ndugu ya baba yake, muzee wa heshima aliyepanda motokari mara tatu katika maisha yake na mara mbili alitapika, aliitwa kuwa mukubwa wa shauri. Mekanisye akapandisha turbo zote mbili mupaka Bihambwe, zimefungwa mu magunia, na Jumapili nyuma ya misa zikawekwa juu ya mukeka mbele ya nyumba yangu. Wanaume wakazizunguka. Mimi nikaleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu maneno ya chuma yanakausha koo.

Walizichagua kama mbuzi za ndoa. Sisemi kwa kufananisha. Papa mukubwa aliinua ile kubwa, akaipima kwa mikono, akaitua. Akaangalia mudomo wake. Akatia kidole, akazungusha feni, akategesha sikio. Akaipiga ubavuni kwa kofi. "Hii," akasema, "imenona." Halafu akachukua ndogo kwa mukono mumoja, hata hakuinama sana. "Hii ingali inanyonya." Wanaume wakacheka, wakajaza vikombe.

Mekanisye njo mutu peke yake pale aliyekuwa na akili, na njo maana hakuna aliyemusikiliza. "Bapapa, munisikilize," alisema. "Hii kubwa iko ya moteri kubwa. Moteri ya hii motokari iko kadogo, moshi yake haitatosha kuizungusha. Utakanyaga, utangoja, utangoja. Siku turbo itaamuka, uko mu mutaro. Hii kadogo inaamuka mbio. Huko mbele itachoka, mukikimbia sana. Lakini huku nani anakimbia sana? Huku tuko na kona na matope. Muchukue kadogo."

Papa mukubwa akapangusa ndevu.

"Mutoto wangu," akamwambia bwana yangu, "wewe unaenda kwa wakwe. Wakwe watafungua motokari yako, waangalie. Wakute hiyo?" Akaonyesha ile ndogo kwa mudomo, hata kidole hakukipoteza. "Watasema binti yetu tulimupeleka kwa watu gani?"

Mamawe! Nilikuwa nimesimama pale na mutungi. Nikasema, kwa heshima, macho chini, jinsi nilivyofundishwa: "Bapapa, munisamehe. Mama yangu hataangalia turbo. Anataka kuangalia mutoto. Na kwenda kule iko kushuka tu. Tungeenda hivi hivi."

Walicheka kwa upole, kama unavyomucheka mutu aliyeuliza kama mvua inanyesha toka chini. "Na kurudi, mama?" akaniuliza papa mukubwa. "Mutarudi namna gani?"

Ningejibu. Jibu lilikuwa kwenye ulimi: kurudi tutajua huko huko. Nikanyamaza, nikamimina kasiksi. Kitu hicho sikujisamehea mupaka leo, na bwana yangu nilimusamehea mengi.

Hawakuchagua Jumapili ile, na mekanisye akashuka tena na turbo zake. Muzee mumoja wa ukoo alikuwa ameenda kwenye matanga mbali, na bila yeye shauri lingekuwa na kilema. Aliporudi, ikawa wakati wa kupanda maharagi. Nyuma ya kupanda, mutu mumoja akasema ile kubwa ina kutu, lazima kwanza ikae mu mafuta mwezi mumoja. Kila nikiuliza, bwana yangu alisema, "Pole pole njo mwendo." Pole pole tulikuwa nayo tele. Mwendo njo sikuuona.

Na mama wa mawese alipanda kila mwezi. "Mama yako anasema jicho ingali, lakini muchana tu. Jua ikienda, haioni." Halafu mwezi mwingine: "Anatoka saa sita kila siku, anakaa mu jua, anahesabu vidole vyake. Siku niliyomuacha alipata vinne." Alisema hivyo huku anajaribu kucheka, ili nami nicheke. Sikuweza. Nikamuuliza, "Anasema nini ya motokari?"

"Aliniuliza iko na ugonjwa gani. Nikamwambia wanaitafutia turbo. Akauliza turbo iko nini. Mimi najua wapi, dada? Nikasema iko dawa ya pumzi. Akasema basi, anaiombea kila jioni, motokari ipone."

Mama yangu, na ukungu wake mu macho, anaombea pumzi ya motokari. Nilimwambia bwana yangu usiku ule ule, na ninajua ilimuchoma, kwa sababu kesho yake alishuka Kashebere bila kunywa hata chai. Akarudi na mekanisye, na vyuma, na ile turbo kubwa. Papa mukubwa alikuwa amelikata shauri: iliyonona.

Mekanisye aliifunga kwa siku nne. Alifunga huku anatikisa kichwa, kila bulonji aliyoikaza na kutikisa kwake. Kifuniko cha moteri hakikufunga tena, turbo ilikizidi, basi wakatoboa tundu na pua ya konokono ikatokea nje. Bwana yangu alisema hivyo ni vizuri zaidi, watu wataiona. Kweli, watu wengi waliiona.

Siku ya kuijaribu, Bihambwe yote ilisimama kando ya kilima chetu. Katekista aliiombea motokari. Bwana yangu akaingia, akavaa kofia, akakanyaga. Motokari ikaanza kupanda jinsi ilivyozoea, pole, pole zaidi, ikikohoa. Katikati ya kilima ilikuwa karibu kusimama, na vijana walikwisha kupandisha mikono ya mashati kwenda kusukuma, kama kawaida yao. Ikafika kwenye kona. Pale njo turbo ikaamuka. Ilipiga filimbi ambayo sijasikia tena, mbuzi zikakata kamba, na motokari ikaruka mbele kwa nguvu zote za mashini ya barabara. Kona ilikwenda kushoto. Motokari ilikwenda mbele. Mbele kulikuwa shamba langu la maharagi, nilikuwa nimebakisha wiki moja kuyavuna, na iliyavuna yenyewe, mistari minne, mpaka kwenye migomba.

Bwana yangu alitoka ndani, kofia imegeuka, majani ya maharagi kwenye kola. "Mumeona nguvu?" akasema.

Papa mukubwa aliangalia maharagi yangu muda murefu. Akasema lile shamba nililipanda karibu sana na barabara.

Kutengeneza ikachukua miezi mingine. Sitaki kuihesabu. Mutoto aliota meno, akatambaa, akasimama, akaanza kunikimbia. Akajua kusema "tubo" kabla hajajua kusema jina lake mwenyewe, lile la mama yangu. Mama wa mawese naye aliugua, hakupanda tena, na habari zikakatika. Nikawa ninaishi na vidole vile vinne.

Hatimaye tukaenda. Nyuma kwenye kiti: mimi, mutoto wangu wa miaka miwili na nusu, gunia la maharagi, na mbuzi mumoja wa kumupa mama. Mbele: bwana yangu na papa mukubwa, maana muzee alisema kazi yake lazima aione mpaka mwisho. Tukavuka Masisi, tukashika njia ya Nyabiondo. Na pale, bwana yangu akafanya kitu alichokuwa anafanya kila shofere wa wakati ule kwenye muteremuko, ili kuchunga esansi, mafuta ya motokari, isiishe. Akazima moteri.

Tukashuka kimya. Kulisikika upepo tu, na mbuzi, na breki. Vilima vidogo vilikuwako, bwana yangu aliwasha moteri, tukavipanda motokari ikikohoa kama zamani, turbo haikuamuka hata mara moja. Halafu kuzima tena, kushuka tena. Nilikaa pale nyuma na hasira ikanipanda toka miguuni, kwa sababu niliona kwa macho yangu: motokari ile, jinsi muzungu alivyoiacha, ingeshuka hivi hivi tangu mutoto ana miezi mitatu. Ingeshuka hata bila moteri. Nilitaka kusema. Nikaangalia shingo ya bwana yangu, ilikuwa imesimama kwa kujivuna, nikauma mudomo.

Kashebere mvua ilinyesha, na bariyeri ya mvua ikashushwa. Watu wa leo hawajui bariyeri ile: muti umelazwa barabarani, muzee wa bariyeri amekaa kibandani, na hakuna motokari inapita mpaka matope yakauke, uwe waziri, uwe nani. Tulingoja toka asubuhi mpaka jua likalainika. Bwana yangu hakupoteza wakati wake. Alifungua kifuniko, akamueleza muzee wa bariyeri habari yote ya turbo, na muzee akaangalia, akauliza swali moja tu: "Na haijui kuogelea?"

Tukafika Kibua jioni, jua lingaliko. Watu walitoka, watoto wakakimbia nyuma yetu. Bwana yangu alisimamisha motokari mbali na nyumba, akashuka, akageuza mugongo kwa heshima, akabaki kule akijifanya anaangalia gurudumu. Mimi nikachukua mutoto.

Mama alikuwa amesimama barazani. Alikuwa amesikia moteri. Uso wake umegeukia kwetu, anacheka, mikono mbele. Nikakimbia. Nilifikiri ananiona. Nilipokaribia hatua tatu, nikajua kwamba anachekea nafasi iliyo kando yangu.

"Mama."

Mikono ikafuata sauti, ikanipata.

"Tangu lini?" nikamuuliza, na nilikuwa ninalia kwa sauti, sikuona haya.

"Wakati ile munavuna maharagi. Ya mwaka uliopita." Akanipangusa machozi, akayapata bila kuyatafuta. "Iliondoka pole. Siku ya mwisho niliona kidole kimoja, nikajua kesho hakuna. Wapi mutoto?"

Nikamuweka mutoto mbele yake. Mutoto alimuogopa, akapiga kelele, akajificha kwenye kitenge changu. Mama alipiga magoti akangoja. Hakumuita, hakumuvuta. Mutoto aliponyamaza, mama akatia vidole kwenye uso wake: paji, nyusi, pua, mashavu, mudomo. Alirudia pua mara mbili.

"Hii iko ya baba yako," akaniambia. "Na rangi yake?"

"Kama yako, mama."

"Na macho?"

Nikajaribu kueleza macho ya mutoto wangu. Jaribu wewe siku moja, kueleza macho kwa maneno, kwa mutu aliyechunga jicho kwa kazi hiyo moja. Nikasema ni meusi. Nikasema ni makubwa. Sikuwa na maneno mengine. Mama akasema "aksanti" kwa kila neno, kama ninampa kitu, halafu akamutemea mutoto mate ya baraka kwenye paji, na yakaangukia kidogo kwenye nywele.

"Mukwe yangu iko wapi?"

"Iko kule ku motokari. Amegeuka. Anakuheshimu."

"Anaficha uso?"

"Ee."

"Mwambie asichoke bure," akasema mama.

Tulikaa siku tatu. Siku ya kurudi, wakwe walifanya jinsi wakwe wanavyofanya. Walileta mikungu ya ndizi, mabidoni ya mawese, gunia la muhogo mukavu, nyama ya pori iliyokaushwa, kuku wanne wamefungwa miguu. Hakuna mukwe anayekataa. Motokari ilikaa chini mpaka matope yakagusa tumbo lake. Papa mukubwa aliiangalia, akaangalia mulima, akainama kulegeza viatu. Bwana yangu akasema sisi tubaki chini, tutapanda kwa miguu, motokari ipunguke uzito. Basi nikakaa barazani na mama, mutoto katikati yetu.

Akakanyaga. Moteri ikalia, motokari ikapanda urefu wa nyumba mbili, tatu, ikapunguza, ikapunguza tena. Tukangoja turbo iamuke. Kijiji chote kilingoja, maana bwana yangu alikuwa amewaeleza wote. Ikasimama. Ikaanza kurudi nyuma. Kaka zangu wakapiga mbio, vijana wakapiga mbio, papa mukubwa akavua viatu akavishika mukononi. Bwana yangu alimuweka kijana mumoja wa kwetu, shofere wa kamyoni, kwenye usukani, na yeye mwenyewe akaenda nyuma na wengine. Akainama. Shati likatoka. Magurudumu yakamutupia matope toka kichwa mpaka miguu, na vijana wakaanza: moja, mbili.

Mama aliinua kichwa. "Kelele ya nini?"

"Motokari inapanda, mama."

"Yenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na heshima ya bwana yangu ingebaki safi. Lakini heshima ile nilikuwa nimekwisha kuilipia vya kutosha.

"Wanaisukuma. Na mukwe yako iko anasukuma."

Akasikiliza muda, mukono wake kwenye nywele za mutoto. Kule juu vijana walikuwa wanacheka na kuimba.

"Njo kitu alikuwa anaogopa, miaka yote?" akauliza. "Kusukumwa?"

"Ee, mama."

"Lakini mungekuya tu," akasema. "Huku vijana wako wengi."